Mume wangu anakaribia kuona, nami naogopa atakachokiona

Mama Mshauri, jambo sana.

Mimi ni mama wa watoto wanne, tunakaa Katuba, hapa Lubumbashi. Naandika usiku watu wote wakiwa wamelala, kwa sababu jambo hili sijamwambia hata dada yangu wa tumbo moja.

Mume wangu alikuwa fundi umeme katika kampuni kubwa. Alipostaafu, pesa zake hazikuja zote, na zile zilizokuja zilikuja kidogo kidogo mpaka zikakatika. Kisha macho yakaanza. Kwanza alilalamikia jua, kwamba linamchoma, akaacha kutoka mchana. Usiku taa za magari zilikuwa zinamtawanyikia. Alibadilisha miwani, haikusaidia. Baadaye mboni zikawa nyeupe, zote mbili, na muuguzi wa dispansari akasema ni mtoto wa jicho. Sasa anatofautisha mchana na usiku, anajua dirisha liko upande gani, akiona kivuli anajua mtu amepita. Basi.

Wakati huo huo mtoto wetu wa tatu aliugua homa ya matumbo mpaka utumbo ukatoboka. Ilihitajika pesa nyingi, tena haraka, ili apasuliwe. Nilikwenda kwa wajomba, nikaenda kanisani, nikagonga kwa majirani, nikapata robo. Nikamwambia mume wangu tuuze nusu ya parseli, yaani kiwanja chetu, ule upande wa nyuma. Akakataa. Akasema ardhi ya watoto haiuzwi, heri tukope. Nani angetukopesha? Nikauza. Mnunuzi alileta karatasi ya Kifaransa. Nikamwambia mume wangu ni mkataba wa wapangaji, watajenga nyuma na kutulipa kila mwezi. Akaweka kidole gumba.

Mtoto alipona. Leo anacheza mpira. Pesa iliyobaki ilimwingiza dada yake chuo kikuu.

Tangu hapo, kila mwisho wa mwezi nachukua sehemu ya pesa yangu ya vitumbua, naikunja, namwekea mkononi na kusema ni kodi. Anapapasa noti moja moja kwa kidole, anauliza, "Bapangaji balilipa yote?" Namjibu ndiyo. Halafu ananirudishia zote ninunue unga.

Upande ule ulikuwa na mti wa avoka. Aliupanda mwenyewe mwaka aliozaliwa kifungua mimba wetu. Walionunua waliukata, wakajenga ukuta wa matofali. Msimu ukifika nanunua avoka soko la Kenya, hapa hapa Lubumbashi, namletea. Anakula na chumvi, anasema za siku hizi zina maji.

Sasa kifungua mimba, anayefanya kazi Kolwezi, ametuma pesa ya operesheni. Daktari ameyapima macho, amesema yote mawili yanafaa, ataanza na la kulia. Ilikuwa ifanyike mwezi uliopita. Mzee alikuwa na kikohozi, kidogo tu. Mimi nikamwambia muuguzi anakohoa usiku kucha, wakaahirisha. Nilipotoka pale nilihisi nafuu, halafu ndani ya taksi-basi nikashikwa na aibu mpaka nikashuka kabla ya kituo changu.

Yeye ana furaha kama mtu anayengoja harusi. Zamani tulikuwa tunatazama filamu za Nigeria pamoja, na kuna hadithi inayorudi humo kila mara: kipofu anafunguliwa bandeji, uso wa kwanza anaouona ni wa mke wake, wanalia, wanakumbatiana, mwisho. Anawasimulia watoto jioni. "Wa kwanza nitamuona mama yenu." Binti yetu anamsomea pia kitabu cha Tobiti katika Biblia, habari za mzee kipofu aliyepona, anataka kirudiwe rudiwe. Anachoogopa ni kimoja tu, ile plastiki watakayomwekea ndani ya jicho. Anasema si itaoza humo.

Mimi nafikiria ukuta utakaokuwa nyuma yangu siku hiyo. Nimwambie kabla, akasirike akatae operesheni? Nimwache aone mwenyewe? Watoto wakubwa wanajua, nimewafunga midomo. Wakati mwingine najiuliza kama nimekuwa mwizi ndani ya nyumba yangu.

Mama wa Katuba

*

Mama mwenzangu,

Unauliza umwambie lini. Lakini barua yako imebeba mambo mawili, na naomba tuyatenganishe kwanza. Moja ni ardhi: uliuza bila ridhaa yake ili mtoto asife. Hilo limeshatendeka, na mtoto yupo. La pili ni kikohozi. Hilo ni la mwezi uliopita, na linaweza kurudi mwezi ujao kwa jina lingine: mvua, presha, nauli. Ardhi uliiuza kwa ajili ya mtoto. Siku ulizoziahirisha ulizichukua kutoka kwa mume wako kwa ajili ya amani yako wewe. Sikuambii ili nikuumize. Wewe mwenyewe ulishalihisi ndani ya basi.

Nianze na macho, maana hayo hayasubiri mazungumzo yenu. Mtoto wa jicho si ngozi inayoota juu ya jicho, ingawa ukimtazama mtu usoni ndivyo unavyodhani. Ni lenzi iliyo ndani, nyuma ya mboni. Ilikuwa angavu, sasa imeshika ukungu kama kioo cha dirisha la jikoni sombe, yaani kisamvu, ikichemka. Hakuna dawa ya matone wala ya kunywa inayoirudisha. Inatolewa, inawekwa nyingine. Kazi yenyewe mara nyingi haifiki nusu saa, jicho limetiwa ganzi na mgonjwa yuko macho.

Kwa kuwa inatibika namna hiyo, watu hudhani mtu anaweza kungoja apendavyo. Kwa wengi kungoja kidogo hakuleti balaa. Lakini lenzi iliyoiva kupita kiasi inazidi kuwa ngumu kuitoa, na kuna zinazovimba au kuvuja, presha ya ndani ya jicho ikapanda, jicho likawa jekundu, likauma, na mshipa wa fahamu ulio nyuma yake ukafa. Huo ukifa hakuna operesheni ya kuurudisha. Mume wako mboni zake zimekuwa nyeupe pande zote mbili. Bado anajua dirisha liko wapi, na hiyo ni habari njema sana, kwa sababu jicho linalotambua mwanga unatoka upande gani kwa kawaida lina tumaini. Ndiyo maana ningependa muuguzi asikie ukweli kuhusu kikohozi. Kama kimekwisha, kimekwisha. Kukohoa wakati jicho liko wazi ni hatari kweli, na ndiyo sababu walikuamini bila kuuliza mara mbili.

Kuhusu plastiki, mwambie hivi. Kulikuwa na daktari Mwingereza, Harold Ridley, aliyewatibu marubani wa vita kuu ya pili ya dunia. Wengine vipande vya plastiki ya vioo vya ndege vilikuwa vimewaingia machoni, na akaona vinakaa humo bila jicho kuvikataa. Mwaka 1949, mjini London, akatumia plastiki ya namna hiyo kutengeneza lenzi na kumwekea mgonjwa. Zinazowekwa leo zimetokana na kazi ile. Fundi umeme aliyefukia nyaya ukutani maisha yake yote anajua plastiki huvumilia miaka mingapi. Huenda jibu hilo likamtosha kuliko kuambiwa tu asiogope.

Sasa ile filamu. Naielewa furaha yake, na sitaki kuizima, lakini inawadanganya nyote wawili. Yeye inamwahidi mengi mno asubuhi moja, wewe inakutisha kwa asubuhi hiyo hiyo. Kwa kawaida kifuniko cha jicho kinatolewa kesho yake, na uso wa kwanza huwa wa muuguzi anayekitoa. Macho hutoa machozi, mwanga huuma, vitu huonekana na ukungu kidogo, kisha vinatulia siku hadi siku. Wengi hushangazwa na rangi, hasa buluu na nyeupe, kwa sababu lenzi ya zamani ilikuwa imezipaka manjano miaka mingi bila wao kujua. Mchoraji Mfaransa Claude Monet alifanyiwa jicho la kulia mwaka 1923, wakati bado hakukuwa na lenzi ya kuweka ndani, na alikasirika sana kwa jinsi rangi zilivyobadilika, akakataa la kushoto lisiguswe. Siku hizi mambo ni mepesi zaidi, lakini mtu aliyeandaliwa kwa machozi ya furaha peke yake anaweza kudhani operesheni imeshindikana. Mwambieni pia kwamba huenda akahitaji miwani ya kusomea.

Na wewe atakuona. Atauona uso ambao hajauona kwa miaka, na mikono inayokaanga vitumbua kila alfajiri. Umeandika habari za ukuta tu kana kwamba ndicho kitu pekee kitakachokuwa kipya mbele yake.

Ila usijidanganye kuhusu ukuta. Najua kuna atakayekushauri utumie zile wiki zilizo kati ya jicho la kwanza na la pili, kwa kuwa madaktari wengi hawafanyi yote mawili siku moja. Jicho moja linatosha kuona matofali. Kwa hali yenu, nafasi ya kuzungumza iko kabla ya jicho la kulia, au haipo.

Nina swali lingine, na usilijibu haraka. Una hakika gani kwamba hajui? Mtu anayekagua noti kwa kidole na avoka kwa ulimi amekaa uani miaka yote hiyo karibu na mti alioupanda kwa mkono wake. Aliwasikia mafundi wakimwaga matofali. Alisikia mti ukianguka, au akakosa kusikia avoka zikidondoka juu ya bati usiku. Kila mwezi anauliza swali lile lile, anapokea jibu lile lile, anakurudishia pesa. Inawezekana anaamini kila neno lako. Inawezekana pia alishaelewa zamani, akaona mtoto anacheza mpira, akaamua kutouliza zaidi. Kama ni hivyo, kuna watu wawili katika nyumba hiyo wanaotunzana kwa uongo mmoja, na kila mmoja anauchoka peke yake. Sikusukumi umtege ili ujue. Nataka tu uingie katika mazungumzo hayo ukijua kwamba huenda huendi kuvunja kitu kizima.

Na kama kweli hajui, fikiria kitakachomuuma zaidi. Wewe unadhani ni ardhi. Mimi nadhani ni lile "hapana" lake. Alikuwa amepoteza kazi na pesa yake, macho yanakwenda, na neno lake ndilo lililokuwa limebaki. Ulimwomba neno hilo, akalitoa, likapitwa pembeni, kisha kidole chake kikatumika kusema kinyume. Huenda neno hilo halikuwa la busara, mtoto alikuwa anakufa. Lakini ukimwambia "niliokoa mtoto" peke yake, utakuwa umeeleza sababu yako bila kuligusa jeraha lake. Anastahili kusikia pia kwamba ulijua amekataa, na kwamba unajua kukataa kwake kulikuwa na maana.

Umeandika neno mwizi. Mwizi hapeleki sehemu ya jasho lake kila mwezi kwa aliyemwibia. Hata hivyo siwezi kukuambia hukumdhulumu, kwa sababu mwenye kusema hivyo ni yeye.

Hebu tukitazame kile kitabu anachokipenda. Watu wakitaja Tobiti wanakumbuka mwisho, Tobia anampaka baba yake nyongo ya samaki na vile vitu vyeupe vinabanduka kwenye macho. Mimi huwa nasimama kwenye mlango wa pili. Tobiti amepofuka, na mke wake Ana ndiye anayefuma nguo kwa ujira ili wale. Siku moja walioagiza kazi wanamlipa na kumwongezea mwana-mbuzi. Mbuzi analia uani. Tobiti anauliza ametoka wapi, asije akawa wa wizi. Ana anaeleza ni zawadi juu ya ujira, mumewe haamini, anamtaka amrudishe. Ana anamgeukia kwa uchungu: sadaka zako ziko wapi, matendo yako mema yako wapi? Na Tobiti anaanza kumwomba Mungu afe. Ana alisema kweli hakuaminiwa, wewe ulisema uongo ukaaminiwa, lakini uchovu wa mwanamke anayelisha nyumba ya mume asiyeona mnauelewa wote wawili. Baadaye macho ya Tobiti yanafunguka, watu wanafurahi, na kitabu hakirudi tena kwa yule mbuzi. Hilo limenisumbua miaka mingi. Hatujui kama waliwahi kulizungumza.

Nimekuletea habari hiyo kwa sababu inaweza kuwa mlango. Jioni moja mwombe binti yenu asome hapo, kisha umuulize mume wako anamuonaje Ana. Kama si mtu wa kuzungumziwa kwa mafumbo, acha, mwambie moja kwa moja, mkiwa wawili, asubuhi ametulia.

Ukimwambia kabla, hatari unaijua: anaweza kukasirika na kusema haendi popote. Ndiyo maana usingoje usiku wa kuamkia operesheni. Presha itapimwa, na mtu aliyekesha kwa hasira anaweza kurudishwa nyumbani hata kama alikuwa tayari kwenda. Wiki mbili tatu kabla zinampa nafasi ya kununa na kuuliza, labda na kumpigia simu mtoto wa Kolwezi. Mtoto huyo ana uzito wake hapa, kwani pesa ni yake, na baba anaweza kukataa kitu chako bila kukataa cha mwanawe. Lakini mume wako asisikie habari kwanza kutoka kwa mtoto huyo. Kaka mkubwa wa mume wako au mzee wa jumuiya yenu ndogo ya kanisa anaweza kuwepo kama unaogopa ghadhabu yake kweli kweli. Kama ghadhabu hiyo imewahi kufika mkononi, hujaandika, basi usikae naye peke yako.

Ukimwacha aone mwenyewe, operesheni itapita kwa furaha, hilo siwezi kulikataa. Kuna wake wangechagua hivyo, na wengine wangesema afadhali akasirike akiwa anaona kuliko akiwa haoni. Ila mtu wa kwanza kumweleza huenda akawa jirani wa nyuma, akimsalimia juu ya ukuta kama mwenye mali. Kisha ataanza kuhesabu peke yake: ile karatasi, ile kodi, zile avoka. Na watoto wako, ambao umewafunga midomo, watakutwa wakijibu maswali ambayo si yao. Chochote utakachochagua, hao waachilie mapema.

Karatasi yenyewe usiisahau. Sheria ya Familia ya Kongo, ile ya 1987 iliyorekebishwa mwaka 2016, inataka mume na mke wakubaliane wote wawili pale ardhi yao inapouzwa. Kidole cha mtu ambaye hakuambiwa anachokitia sahihi ni jambo zito, na linaigusa pia familia iliyojenga pale kwa nia njema. Tafuta mwanasheria asiye rafiki wa mnunuzi akusomee kila mstari, ili mume wako akiuliza "nilitia kidole kwenye nini?" uwe na jibu kamili. Huenda akaamua kukubali yaliyotokea, huenda akaamua kuyapinga. Haki hiyo ni yake, na unapaswa kuingia ukijua hivyo.

Na kuna hili dogo la nyumbani. Baada ya operesheni atatakiwa kutiwa matone mara kadhaa kwa siku, kwa wiki kadhaa, kwa mikono safi, bila kusugua jicho wala kuliingiza maji. Likianza kuuma, kuwa jekundu au kufifia, anarudishwa kwa daktari siku hiyo hiyo. Katika nyumba nyingi kazi hiyo hufanywa na mke. Kwenu inaweza kuangukia majuma ambayo hataki umguse. Mwombe binti yenu aende naye siku ile, asimame karibu na muuguzi, ajifunze kuyatia yeye mwenyewe, ili hata kama nyinyi wawili hamsemeshani, jicho lisikose dawa.